Homa ya Malta, au Adui Akaaye Ndani ya Mlinzi

1. Kisiwa na homa yake

Katika Bahari ya Mediteranea, upande wa kusini wa Italia, kuna kisiwa kidogo cha mawe kiitwacho Malta. Nchi yake ni kavu na malisho yake ni haba, kwa hiyo watu wake tangu zamani walifuga mbuzi kuliko ng'ombe. Kila siku asubuhi wachungaji waliwaswaga mbuzi wao katika njia za mji, wakasimama mlangoni pa kila nyumba, wakawakamua mbele ya macho ya mnunuzi. Mnunuzi aliyaona maziwa yakitoka katika kiwele, meupe, yenye povu na joto lake, naye aliridhika, maana alijua ya kuwa hayakutiwa maji. Hakuna aliyedhani ya kuwa ndani ya chombo kile mlikuwamo adui.

Ilikuwako katika kisiwa hicho homa ya ajabu. Ilimshika mtu polepole, ikapanda jioni na kushuka asubuhi, ikamtoa jasho jingi usiku, ikamtia maumivu ya mgongo na ya viungo. Baada ya majuma machache ilimwacha, mgonjwa akadhani amepona. Kisha ikarudi, ikapanda na kushuka tena kama mawimbi ya bahari. Wengine waliugua hivyo miezi mingi. Waliokufa walikuwa wachache, lakini waliobaki hai walidhoofika sana, hata wengine hawakuweza kazi yao ya kwanza. Watu wakaiita homa ya Malta.

Siku zile Malta ilitawaliwa na Waingereza, na askari na mabaharia wao wengi walikaa huko. Mwaka 1884 alifika daktari mmoja wa jeshi, jina lake David Bruce, pamoja na mkewe Mary Elizabeth, aliyemsaidia katika kazi ya hadubini. Bruce alitwaa vipande vya bandama za askari waliokufa kwa homa hiyo, akaona ndani yake vijidudu vidogo mno. Akaviotesha katika chombo, kisha akavitia katika miili ya kima, nao wakaugua homa. Mwaka 1887 akatangaza habari hiyo. Baadaye kijidudu hicho kilipewa jina kutokana na jina lake, kikaitwa brusela. Huyu ndiye Bruce yule yule aliyekuja Uganda mwaka 1903, akaonyesha ya kuwa ugonjwa wa malale huenezwa na mbung'o.

2. Mbuzi wazima

Basi mwenye kosa alijulikana, lakini njia aliyoipita haikujulikana. Wengine walisema homa huja kwa hewa mbaya, wengine kwa uchafu wa mifereji, wengine kwa mbu. Mwaka 1904 ilifanywa kamati ya madaktari, Bruce akiwa mkuu wao, ili wachunguze jambo hilo. Mmoja wao alikuwa Themistocles Zammit, daktari mwenyeji wa Malta.

Mwaka 1905 Zammit alitaka kujua kama mbuzi aweza kuambukizwa homa hiyo. Akatafuta mbuzi wenye afya, lakini kabla ya kuwatia vijidudu akapima damu yao kwanza. Ilikuwa imekwisha kujulikana ya kuwa maji ya damu ya mtu aliyeugua homa ya Malta, yakichanganywa na vijidudu vyake, hufanya vijidudu hivyo vigandamane mafungu mafungu. Zammit alistaajabu kuona ya kuwa damu ya mbuzi wake ilifanya vivyo hivyo. Mbuzi aliowadhani wazima walikuwa na ugonjwa tangu mwanzo.

Kamati ikapima mbuzi wengi wa kisiwa. Karibu nusu yao walionyesha alama ya ugonjwa katika damu, na karibu mmoja katika kila kumi alikuwa akitoa vijidudu hai katika maziwa yake. Wanyama hao walikula vizuri, wakacheza, wakatoa maziwa mengi. Hakuna jicho lililoweza kuwatambua. Ndipo ilipoeleweka kwa nini askari aliyelazwa hospitali kwa jeraha aliweza kushikwa na homa humo humo hospitali: alipewa maziwa ya mbuzi ili apate nguvu.

Mwaka huo huo wa 1905 meli iitwayo Joshua Nicholson ilipakia mbuzi wa Malta kuwapeleka Marekani. Mabaharia walikunywa maziwa yao njiani, na wengi wao wakaugua. Mwaka 1906 askari walikatazwa maziwa ya mbuzi, na homa ikapungua upesi sana katika makambi. Lakini watu wa mji hawakukubali kuacha desturi yao, nao waliendelea kuugua miaka mingi.

3. Malango ya mwili

Sasa inafaa kuangalia jinsi kitu kidogo namna hii kiwezavyo kumwangusha mtu mzima. Vijidudu vya brusela elfu moja, vikipangwa katika mstari mmoja, hufanya urefu wa milimita moja tu, au karibu yake. Havina miguu wala mabawa, na aina zake zinazoshika watu sana haziwezi hata kuogelea. Hungoja kuchukuliwa.

Mwili wa mtu na wa mnyama umejengwa kwa chembe hai nyingi zisizohesabika, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Lakini chembe si tofali lililokufa. Kila moja ina ngozi yake nyembamba, ina chakula chake, ina kazi yake. Juu ya ngozi hiyo kuna protini na sukari za namna nyingi zilizochomoza nje. Kwa hizo chembe hutambuana na kupokea habari.

Kijidudu cha brusela kina malango kadhaa ya kuingilia. La kwanza ni kinywa, mtu anywapo maziwa mabichi au alapo jibini iliyofanywa kwa maziwa hayo. La pili ni ngozi iliyokwaruzika, mtu amsaidiapo mnyama kuzaa kwa mikono mitupu, au achinjapo mnyama mgonjwa. La tatu ni macho na pua, maji ya uzazi yarukapo, au vumbi la zizi livutwapo pamoja na pumzi.

4. Kushikamana

Kuingia kinywani si kuingia mwilini. Matumbo yamefunikwa na ute, na chakula hupita humo bila kukoma. Kijidudu kisichoshika mahali huchukuliwa na mkondo huo mpaka nje, kama jani lililoanguka mtoni. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kila kijidudu ni kushika.

Mwanafunzi apitaye katika majani wakati wa kiangazi huona mbegu za kishona-nguo zimeng'ang'ania nguo yake. Mbegu ile ina miiba midogo nchani, na kila mwiba una vijino vilivyoelekea nyuma. Haishiki jiwe laini, kwa kuwa jiwe halina nyuzi, bali hushika nguo na manyoya ya mbuzi. Vijidudu navyo huchagua hivyo. Juu ya ngozi ya brusela kuna protini zilizo na umbo la kushika sukari fulani zilizo juu ya chembe zetu, na nyingine hushika nyuzi nyembamba zilizo katikati ya chembe na chembe. Umbo likipatana, kijidudu hukaa. Lisipopatana, hupita.

Wako vijidudu wengine wa wanyama washikao kwa werevu mwingine. Katika matumbo ya ng'ombe huishi aina moja ya bakteria ambayo haimdhuru ng'ombe, lakini humharisha mtu damu. Hiyo haingoji kukuta mahali pa kushika. Huchoma chembe kwa kijisindano, ikaingiza ndani protini yake yenyewe; protini ile huchomoza juu ya ngozi ya chembe, nayo bakteria ikajifunga hapo. Ni kama mtu aliyefika katika kiwanja cha mwenzake na kigingi chake mkononi, akakipigilia, kisha akamfunga mbuzi wake. Tena, bakteria iitwayo salmonela, ipatikanayo mara nyingi katika kuku na mayai, huitia chembe protini zinazofanya ngozi yake ifure na kukunjamana, hata ikaimeza bakteria bila kutaka.

5. Adui ndani ya boma

Brusela haina haraka. Ikiisha kupenya ukuta wa matumbo, hukutana na chembe walinzi. Hizi ni chembe kubwa za jamii ya chembe nyeupe za damu, nazo huzunguka mwilini zikila kila kitu kigeni. Desturi yao ni hii. Mlinzi hukizunguka kijidudu, akakimeza, akakifungia katika kifuko. Kisha vifuko vingine vidogo vyenye maji makali huungana na kifuko kile, na kijidudu kikasagwa kama chakula tumboni.

Brusela humezwa kama vijidudu vingine. Tena humezwa kimya kimya, kwa kuwa koti lake la nje halimshtui mlinzi sana, wala halipigi mbiu ya hatari kwa nguvu. Ndani ya kifuko, ukali huanza kuongezeka. Vijidudu vingi hufa hapo, karibu tisa katika kila kumi. Lakini vile vichache vilivyobaki huupokea ukali ule kama ishara. Vikiisha kuuhisi, hujenga upesi mrija mdogo mno, na kwa mrija huo huingiza protini zao katika mwili wa mlinzi.

Protini hizo huvuruga amri za mlinzi. Kifuko hakiendi tena mpaka mwisho wa njia ya kusagwa, bali hugeuzwa, kikapelekwa karibu na karakana ya chembe, yaani mahali ambapo chembe hutengenezea protini zake. Hapo brusela hujifunika kwa ngozi iliyotoka katika karakana ile ile, hata isitambulikane tena. Baada ya nusu siku hivi, vijidudu huanza kuzaana. Kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne, mpaka chembe yote imejaa.

Wala mlinzi hafi upesi. Huendelea na safari zake kama kawaida, akiwachukua adui ndani yake mpaka katika matezi, katika bandama, katika ini, katika uboho wa mifupa na katika viungo. Wahenga walisema, “Kikulacho ki nguoni mwako.” Hapa kilaji hakimo katika nguo tu, kimo tumboni mwa askari aliyewekwa mlangoni.

Mwanafunzi akifahamu jambo hili, atafahamu mengine matatu. Kwanza, kwa nini homa hii hukaa muda mrefu: adui amejificha mahali ambapo silaha za damu hazimfikii vizuri. Pili, kwa nini maumivu huwa mgongoni, viunoni na magotini: ndiko walinzi walikowapeleka. Tatu, kwa nini homa huondoka ikarudi: vijidudu vilivyosalia mafichoni huweza kutoka tena.

6. Mnyama mwenye mimba

Katika nchi ya Denmark, mwaka 1897, mganga wa mifugo Bernhard Bang alipata kijidudu kingine kilichowafanya ng'ombe watupe mimba. Wakati huo hakuna aliyekifikiri kuwa ndugu wa kijidudu cha Malta. Mwaka 1918 bibi mmoja wa Marekani, Alice Evans, alionyesha kwamba vijidudu hivi viwili ni vya jamii moja, akaonya ya kuwa maziwa mabichi ya ng'ombe nayo yaweza kumwambukiza mtu. Wakubwa wengi wa elimu hawakumwamini. Yeye mwenyewe aliambukizwa katika kazi yake, akaugua mara kwa mara miaka mingi. Mwishowe wachunguzi wengine waliona yale yale aliyoyaona yeye, na ukweli wake ukakubaliwa.

Sababu ya kutupa mimba ni hii. Katika kondo la nyuma la ng'ombe, mbuzi na kondoo kuna sukari ya namna yake ambayo brusela huipenda sana. Vijidudu hukimbilia huko, hushika chembe za kondo na kuzaana ndani yake kwa wingi mno, hata kondo likaharibika na mtoto akafa. Mimba itokapo, maji yake na kondo lake hujaa vijidudu visivyohesabika. Mbwa akila kondo hilo, au mbuzi wengine wakilamba majani yaliyoloa, ugonjwa huenea zizini. Naye mama, akiisha kupona, huonekana mzima, hushika mimba tena na kuzaa, lakini huweza kutoa vijidudu katika maziwa yake muda mrefu.

7. Mgonjwa na dawa yake

Homa hii haikubaki Malta. Ipo katika nchi nyingi za wafugaji, na Kenya, Uganda na Tanzania zimo. Huku shida yake kubwa ni kufanana na malaria. Mtu hupata homa, jasho, maumivu ya kichwa na viungo, na uchovu usiokwisha. Hunywa dawa ya malaria, akapata nafuu kidogo kwa kuwa wimbi limeshuka, kisha huugua tena. Akachoka, akasema amerogwa, au akaitwa mvivu na jamaa zake, kumbe ni mgonjwa.

Kwa hiyo mtu mwenye homa isiyokwisha, naye ni mfugaji, au mchinjaji, au mnywaji wa maziwa mabichi, yampasa kumweleza mganga wa hospitali habari za wanyama wake, ili damu yake ipimwe kwa ugonjwa huu pia. Dawa zipo, nazo huponya. Lakini desturi ni kutumia dawa mbili pamoja, na muda wake ni majuma sita au zaidi, kwa sababu lazima dawa iwafuate adui mpaka ndani ya chembe. Mgonjwa aachaye dawa katika juma la pili kwa kuwa homa imekwisha, amewaacha adui mafichoni, nao wataweza kurudi.

8. Namna ya kujikinga

Wako wasemao, “Babu zetu walikunywa maziwa mabichi, wakazeeka.” Neno hilo ni kweli kwa wengi wao. Hata Malta, mbuzi tisa katika kumi hawakutoa vijidudu katika maziwa. Lakini aliyekunywa maziwa ya yule wa kumi hakupata alama ya kumwonya, maana maziwa hayakubadilika rangi, wala harufu, wala ladha. Ujanja wa macho haufai hapa. Mambo yafaayo ni haya:

Maziwa yote yachemshwe mpaka yatokote, ndipo yanywewe au yagandishwe. Maziwa yaliyoganda bila kuchemshwa kwanza si salama, kwa kuwa uchachu peke yake huenda usiviue vijidudu vyote. Katika viwanda maziwa hutiwa joto la digrii 63 kwa dakika 30, au la digrii 72 kwa sekunde 15, na joto hilo latosha kuua brusela.

Mtu asiguse mimba iliyotoka, kondo wala maji ya uzazi kwa mikono mitupu. Avae mipira ya mikono, kisha anawe kwa sabuni. Kondo na mimba iliyotoka vichomwe moto, au vifukiwe chini sana ili mbwa wasivifukue.

Mnyama aliyetupa mimba atengwe, na mganga wa mifugo aitwe. Mnyama mpya apimwe kabla ya kuchanganywa na wengine. Iko chanjo kwa ng'ombe, na nyingine kwa mbuzi na kondoo. Kwa watu hakuna chanjo itumiwayo kwa wote, kwa hiyo kumkinga mnyama ndiko kumkinga mwenye mnyama.

Katika Malta, maziwa yalianza kutiwa joto kiwandani mwaka 1938, na polepole homa ikapungua katika mji kama ilivyopungua makambini. Lakini mwaka 1995 ilizuka tena, nayo ilitokana na jibini laini iliyofanywa kwa maziwa mabichi. Kijidudu hakikuwa kimebadili desturi yake hata kidogo, na watu walikuwa wamesahau yao.

MASWALI

1. Kwa nini mnunuzi wa Malta aliyaamini maziwa aliyokamuliwa mlangoni pake?
2. Zammit aliona nini katika damu ya mbuzi wake mwaka 1905, na jambo hilo lilionyesha nini?
3. Eleza kwa mfano wa kishona-nguo jinsi kijidudu kishikavyo chembe. Kijidudu kisichoshika hupatwa na nini?
4. Bakteria ya matumbo ya ng'ombe yatofautianaje na brusela katika kushika chembe?
5. Ukali ulio ndani ya kifuko cha mlinzi huua vijidudu vingi. Je, vile vinavyobaki huutumiaje?
6. Kwa nini dawa ya homa hii hutumiwa majuma sita au zaidi?
7. Mbuzi wa jirani ametupa mimba, na watoto wataka kulitupa kondo lake porini. Utawaambia nini, na kwa sababu gani?
8. Mtu asema, “Mbuzi wangu ni mnene na mzima, maziwa yake hayana haja ya kuchemshwa.” Mjibu kwa mambo uliyoyasoma.